Udongo Ndio Unaosafisha: Historia ya Shimo la Maji Machafu, kutoka Pwani hadi Salamabila

Maji yakishaingia nyumbani, hayana budi kutoka. Bidoni ya lita 20 iliyobebwa kichwani alfajiri huwa imekwisha kabla ya magharibi, na maji yake yameshaogewa, yamefuliwa nguo na kuoshewa sufuria za sombe. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu maji yanayoingia mjini: visima, mabirika, mifereji, mabomba. Kuhusu yanayotoka wameandika machache, ingawa mara nyingi ugonjwa ulipita upande huo. Salamabila, mji wa dhahabu ulioko Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo, hauna mtandao wa mabomba ya maji taka. Kila parseli inajitegemea kwa shimo lake. Shimo hilo lina historia ndefu, na historia hiyo inafundisha jambo moja: shimo peke yake halisafishi kitu. Kinachosafisha ni udongo unaolizunguka, na fundi mzuri ni yule anayeupa udongo nafasi ya kufanya kazi yake.

Zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, katika miji ya bonde la Indus, maji ya kuogea yalipitishwa kwenye mifereji ya matofali. Mengine yaliishia kwenye mitungi iliyofukiwa ardhini, yenye matundu chini, ili ardhi iyanywe maji na takataka zibaki ndani. Kutenga kigumu na kuiachia ardhi kimiminika: hadi leo hakuna shimo la maji machafu linalofuata kanuni nyingine.

Pwani ya Waswahili nayo iliijua kanuni hiyo. Gedi, karibu na Malindi, ni mji uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Mwanaakiolojia James Kirkman alipofukua magofu yake kati ya 1948 na 1958, alikuta vyoo ndani ya nyumba, vyenye mashimo marefu na mahali pa kutawadhia. Kilwa, kasri la Husuni Kubwa la karne ya 14 lilikuwa na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Lamu, katika birika la bafuni, watu walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakapachika bakuli la kauri ili samaki wasikose maji birika linapokauka. Dini iliwataka wenyeji kutawadha kabla ya kila sala, kwa hiyo kila nyumba ilimwaga maji mara kadhaa kwa siku na ililazimika kuyatafutia mahali. Udhaifu ulikuwa kwenye mwamba. Jiwe la matumbawe lina nyufa na vishimo vingi, na maji hupita humo haraka bila kuchujwa. Choo na kisima vikikaribiana juu ya mwamba huo, maji yake hukutana chini.

Karne ya 19, watu wa pwani walifuata pembe za ndovu na watumwa hadi Maniema, na njia yao ilijaa damu. Nyangwe ilikua kuwa kituo chao kikuu kando ya mto Lualaba, kisha mfanyabiashara Tippu Tip akajenga nguvu zake Kasongo katika miaka ya 1870. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa na jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Dhanis lilipoiteka Kasongo Aprili 1893, ameeleza mji wenye nyumba kubwa, magodoro ya hariri na bustani za michungwa. Kabambare ilianguka Januari 1894. Vita vilipokwisha, mengi yalibaki: Kiswahili, Uislamu, kilimo cha mpunga, na nyumba ya pembe nne yenye ua nyuma. Ua ndio unaotuhusu hapa, kwa sababu ndipo kuoga, kufua na kupika vilipokusanyika pamoja, na ndipo maji yote ya nyumba yalipoanza kumwagwa mahali pamoja.

Misafara iliyoleta nguo na shanga ilibeba pia kipindupindu. Daktari John Christie, aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu cha uchunguzi wa milipuko ya ugonjwa huo Afrika Mashariki. Alifuatilia mlipuko wa 1869 na 1870 kutoka Bahari ya Shamu, ukapita nchi ya Wamasai, ukafika Pangani na Unguja, kisha ukaingia bara pamoja na wapagazi. Wakati huo mpelelezi David Livingstone alikuwa amekwama Bambarre, yaani Kabambare yenyewe, miguu yake ikiwa na vidonda, akiandika kwenye karatasi yoyote aliyoipata. Januari 1871 msafara ulimletea habari kwamba kipindupindu kimeua watu wengi Unguja. Kwa hiyo zaidi ya miaka 150 iliyopita, kijiji cha Maniema kilikuwa tayari kimeunganishwa na visima vya mji wa mbali.

Uhusiano wa shimo na kisima ulithibitishwa London. Mwisho wa Agosti 1854, kipindupindu kilizuka mtaa wa Broad Street na kuua zaidi ya watu 600. Daktari John Snow aliorodhesha waliokufa, akaona wengi wao walikunywa maji ya pampu moja, na Septemba mpini wa pampu hiyo ukaondolewa. Mwaka uliofuata wachimbaji walifukua shimo la maji machafu la nyumba namba 40. Mama mmoja wa nyumba hiyo alikuwa amefua humo nepi za mtoto wake mgonjwa na kuyamwaga maji shimoni. Matofali ya shimo yalikuwa yameoza, na ukuta wake ulikuwa karibu na kisima cha pampu ile kwa umbali usiofika mita moja.

Baada ya hapo ufundi ulikwenda mbele. Kule Vesoul, Ufaransa, Jean-Louis Mouras alijenga tangi lililofungwa ambamo uchafu wa choo ulioza wenyewe ndani ya maji, akalipatia hataza mwaka 1881. Miaka ya 1890, Donald Cameron wa Exeter, Uingereza, alijenga la kwake na kulipa jina tunalolitumia hadi leo, septiki. Lakini tangi hupunguza uchafu mgumu tu, na maji yanayotoka humo bado yana vijidudu na lazima yaende ardhini. Ardhi inakunywa kiasi gani kwa siku? Miaka ya 1920, mhandisi Henry Ryon wa jimbo la New York alichimba vishimo vidogo, akavijaza maji, akapima yanashuka kwa kasi gani, kisha akalinganisha na mashimo yaliyofurika na yale yaliyodumu. Tangu hapo fundi aliweza kujua ukubwa wa shimo kabla ya kupiga sululu.

Kongo, ujuzi huo ulifika kwa mafungu yasiyo sawa. Chini ya Wabelgiji, nyumba za wakubwa zilipata fosi septiki na vibarua wakabaki na vyoo vya shimo. Dhahabu ya Namoya, jirani na Salamabila, ilianza kuchimbwa miaka ya 1930. Baada ya uhuru, Projet Kasongo, ulioanza 1971 kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, ulionyesha dunia kwamba kituo cha afya kidogo kilicho karibu na watu kinaweza kufanya makubwa. Karne hii, Wizara ya Afya na UNICEF walieneza mpango wa vijiji safi, ambao unadai vyoo bora na utupaji mzuri wa taka. Mgodi wa Namoya ulirudi kwenye uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 chini ya kampuni ya Banro, ukasimama 2019. Watu walikuja kwa sababu ya dhahabu, wengine wakaja kwa kukimbia vita. Kila mkimbizi anayepokelewa na ndugu yake anaongeza maji kwenye shimo lililochimbwa kwa ajili ya watu wachache.

Ndiyo maana hesabu ni lazima. Chukua nyumba ya watu wanane, kila mmoja akimwaga lita 15 za kuoga na kufua: jumla lita 120 kwa siku. Udongo tifutifu hunywa takriban lita 25 kwa siku kwa kila mita moja ya mraba ya ukuta wa shimo, kwa hiyo unahitaji mita za mraba 4.8. Sakafu haihesabiwi kwa sababu huziba mapema. Shimo la duara lenye upana wa mita 1.2 litahitaji kina cha karibu mita 1.3 chini ya bomba linaloingiza maji. Wakija jamaa sita, maji yanakuwa lita 210 na kina kinapita mita 2.2. Udongo ukiwa mfinyanzi mzito unaokunywa lita 10 tu, hata watu wanane wale wale watahitaji zaidi ya mita tatu. Hapo ni bora kuacha shimo na kuchimba mtaro wenye kokoto za kina cha mita moja na urefu wa mita sita, kwa kuwa kuta zake mbili zote hunywa.

Udongo mwekundu wa Maniema hauhukumiwi kwa macho. Mara nyingi una mfinyanzi mwingi lakini umeshikamana kwa chembe ndogo zinazopitisha maji vizuri, na kwingine ni mgumu kama tofali. Upime. Chimba kishimo cha upana wa sentimita 30, ufike kina ambacho maji yatanyweka, ukijaze jioni na kukiacha kinywe usiku kucha, kwa maana udongo mkavu hunywa haraka na kumdanganya fundi. Asubuhi ujaze tena, usimamishe kijiti chenye alama, usome maji yameshuka kiasi gani kila nusu saa. Fanya hivyo wakati wa masika. Shimo lililochimbwa Julai likakutwa kavu linaweza kujaa maji ya ardhini Novemba, na chini ya shimo hadi maji hayo lazima pabaki angalau mita 1.5 ya udongo usiojaa maji. Humo ndimo uchujaji unamofanyika.

Uchujaji wenyewe hufanywa na viumbe wadogo. Wiki chache baada ya shimo kuanza kazi, ukuta wake hupata utando mweusi wenye utelezi, umejaa bakteria wanaokula uchafu na kunasa vijidudu vya maradhi. Mawe na vipande vya matofali tunavyojaza shimoni vinazuia kuta zisibomoke na kuyagawa maji, basi. Utando ukiwa mwembamba husafisha, ukinona huziba, na Maniema kinachounonesha upesi ni mafuta ya mawese. Kwa hiyo kabla ya shimo jenga kisanduku kidogo cha matofali. Maji yakitulia humo, mawese hupoa na kuelea. Bomba la kutokea lianzie chini ya tabaka hilo, ili mafuta yabaki nyuma. Yakombe kila wiki na kuyafukia. Kuta za shimo zijengwe kwa matofali yaliyopangwa bila saruji kwenye viungo vya wima, juu zifunikwe na nusu mita ya udongo. Maji ya choo yasiingie humo. Wala yasiingie maji ya kuoshea dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki, kwa sababu hakuna bakteria anayeweza kuila zebaki.

Shimo lililo wazi lina hatari nyingine: mbu. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wakiwemo Chris Curtis walimwaga chembe nyepesi za plastiki juu ya maji ya vyoo vilivyojaa, mbu wakakosa pa kutagia, na pamoja na dawa, vimelea vya matende vikapungua sana. Salamabila haihitaji hata chembe hizo iwapo maji ya dushi yatanywewa chini ya ardhi siku ile ile badala ya kutuama njiani.

Mji huu umejaa vijana wanaojua kuchimba, kutegemeza kuta na kusoma udongo. Kinachokosekana ni utaratibu kati ya majirani. Shimo langu likiwa sahihi kwangu, laweza kuwa juu ya mteremko wa kisima chako, na parseli zinavyokatwa ndogo ndivyo mita 30 zinazotakiwa kati ya shimo na kisima zinavyopotea. Kazi hiyo si ya fundi peke yake. Ni ya mkuu wa kartie, mganga wa kituo cha afya na wahamasishaji wake: kuweka alama visima vyote vilivyopo, kukataa parseli isiyoacha umbali, na pale ambapo umbali haupatikani, kuchagua kisima kimoja cha jumuiya na kukilinda kwa pamoja. Broad Street walipima baada ya mazishi. Kamba ya mita 30 haina gharama ya kuwashinda watu wa Salamabila, na inafaa itangulie sululu.