Nani ameshika ufunguo? Historia ya kitufe cha "Ingia kwa..."

Fungua programu yoyote ya wavuti leo. Utaona kisanduku cha barua pepe, kisanduku cha nywila, na chini yake vitufe viwili au vitatu: Ingia kwa Google, Ingia kwa Facebook, Ingia kwa Apple. Wengi wetu tunaotengeneza programu huviweka vitufe hivyo jioni moja, tukavijaribu mara mbili, tukaona vinafanya kazi, tukaenda kulala. Lakini je, umewahi kujiuliza vilitoka wapi? Na siku mwenye kitufe akikifunga, wateja wako wataingia kwa njia gani?

Swali hilo la pili si la kubuni. Jambo lenyewe limeshatokea, tena si mara moja. Kwa hiyo leo tupitie historia hii hatua kwa hatua, maana ndani yake mna jibu la kitu ambacho kila mtengenezaji wa ukurasa wa kuingia lazima aamue: ni nini awaachie wengine, na ni nini akishike mwenyewe.

Nywila ilivuja tangu utotoni

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, chuo cha MIT huko Marekani kilikuwa na mfumo ulioitwa CTSS, kazi ya Fernando Corbató na wenzake. Tarakilishi ilikuwa moja, watumiaji wengi, kila mmoja na mafaili yake na muda wake aliogawiwa. Ili kuwatenganisha, kila mtu akapewa nywila.

Haikuchukua muda. Mwaka 1962 mtafiti mmoja kijana, Allan Scherr, alitaka muda zaidi ya aliopewa. Akaiomba mashine imchapishie faili lenye nywila zote, nayo ikamchapishia! Mwaka 1966 hitilafu katika programu ya kuhariri ilibadilisha nafasi za mafaili mawili, lile la nywila na lile la ujumbe wa siku. Kila aliyeingia akakaribishwa na orodha ya nywila za watu wote.

Dawa ya tatizo hili ilielezwa vizuri mwaka 1979 na Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs, walipoandika jinsi Unix inavyolinda nywila. Usiihifadhi nywila yenyewe. Isage mpaka iwe msururu wa herufi usioweza kurudishwa ulivyokuwa, na kabla ya kusaga tia "chumvi", yaani herufi za bahati nasibu tofauti kwa kila mtumiaji, ili watu wawili wenye nywila moja wasionekane sawa. Mbinu za siku hizi kama bcrypt na Argon2 ni watoto wa wazo hilo hilo, ila zinasaga polepole makusudi ili mwizi achoke.

Wavuti haina kumbukumbu

Wavuti ilipokuja ilileta shida mpya. Itifaki ya HTTP husahau. Ukiomba ukurasa, seva inakupa na kukusahau papo hapo. Ukiomba wa pili, wewe ni mgeni tena. Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape akaleta kuki. Seva inakipa kivinjari chako namba ndefu ya siri, na kivinjari kinairudisha kila unapobofya. "Kuingia" kwenye wavuti ni hilo tu. Nywila inatumika mara moja mlangoni, kisha kuki ndiyo inayosema wewe ni nani.

Waliotumia cyber wanaijua hasara yake. Aliyeondoka bila kubofya "Toka" alimwachia anayefuata barua pepe zake zote. Nywila haikuibwa, ila kuki ilibaki kwenye mashine.

Pasipoti moja kwa dunia nzima

Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 kila tovuti ilikuwa na nywila yake na watu walikuwa wamechoka. Mwaka 1999 Microsoft ikaleta Passport: akaunti moja, uingie kila mahali. Ilionekana kama suluhisho la mwisho.

Desemba mwaka huo huo kampuni ilisahau kulipia jina la kikoa, passport.com. Watumiaji wa Hotmail wakaanza kukwama mlangoni. Aliyeokoa mambo alikuwa mtengenezaji programu mmoja wa Linux aliyelipa dola 35 kwa kadi yake mwenyewe. Hebu tafakari. Mlango wa mamilioni ya watu ulishikwa na bili ya dola 35!

Mwaka 2002 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na Microsoft baada ya kuituhumu kuahidi usalama na faragha kuliko iliyokuwepo. Mapema 2005 eBay ikaacha kuipokea Passport. Tovuti nyingine hazikutaka kampuni moja isimame kati yao na wateja wao, na sidhani walikosea.

OpenID: ndoto ya watu huru

Mwaka 2005 Brad Fitzpatrick, mwanzilishi wa LiveJournal, alitoa jibu tofauti. Katika OpenID jina lako ni anwani ya wavuti unayoimiliki. Unaiandika kwenye tovuti unayotaka kuingia, tovuti inakupeleka nyumbani kwako, unathibitisha, unarudishwa. Nyumbani kwako ni kokote. Ungeweza hata kuweka seva yako mwenyewe. Hapakuwa na bwana mkubwa.

Kwetu tungeiita barua ya chifu. Ukienda kuomba basari, ofisi haikujui, lakini chifu wako anakujua na barua yake inatosha. Tofauti ni kwamba kwenye OpenID unajichagulia chifu.

Yahoo ilijiunga 2008, Google pia. Stack Overflow ilipofunguliwa 2008 mlango wake ulikuwa OpenID. Lakini kwa mtu wa kawaida, kuambiwa "andika anwani ya wavuti kama jina lako" kulikuwa kama kuambiwa ataje namba ya nyumba anapoulizwa anaitwa nani. Wengi hawakuelewa, wakaondoka.

OAuth: funguo ya stoo tu

Wakati huo huo tovuti zilikuwa na tabia mbaya sana: "Tupe nywila ya barua pepe yako tukutafutie marafiki." Na watu walikuwa wakizitoa! Novemba 2006 Blaine Cook, akiwa Twitter, alianza na wenzake kutafuta njia nyingine, na mwisho wa 2007 OAuth 1.0 ikatoka. Wazo lake: usimpe fundi funguo zote za nyumba kwa sababu anataka kuingia stoo. Mpe funguo ya stoo pekee, na uweze kuibatilisha. Funguo hiyo ndiyo tokeni.

Njia haikunyooka. Aprili 2009 dosari ya usalama iligunduliwa katika itifaki yenyewe, marekebisho ya 1.0a yakatoka Juni. OAuth 2.0 ilikamilika Oktoba 2012, miezi michache baada ya mhariri wake mkuu, Eran Hammer, kujiondoa kwa hasira akisema imeharibika.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi mpaka leo, kwa hiyo soma polepole. OAuth inatoa *ruhusa*. Haisemi *wewe ni nani*. Kwamba mtu ameshika funguo ya stoo yako si ushahidi kwamba yeye ndiye wewe. Waliojenga mlango wa kuingia kwa OAuth tupu walijikuta wanapokea tokeni zilizotolewa kwa programu nyingine kabisa. Ndiyo sababu mwaka 2014 ilikuja OpenID Connect. Juu ya OAuth 2.0 inaongeza cheti kilichotiwa saini kinachosema nani amekitoa, kinamhusu nani, na kimekusudiwa programu ipi.

Kitufe cha bluu chashinda

Desemba 2008 Facebook ilifungulia tovuti zote Facebook Connect. Hakuna anwani ya kuandika, bofya tu. Aprili 2009 Twitter ikafuata na kitufe chake. Mchezo ukaisha. Walichoshindwa watu wa OpenID kwa miaka mitatu, kitufe kimoja kilifanya kwa miezi.

Bei yake ilionekana baadaye. Mwaka 2018 dunia ilisikia kuhusu Cambridge Analytica. Watu wapatao 270,000 walikuwa wameingia kwenye programu moja ya maswali kwa akaunti zao za Facebook, na kwa sababu kanuni za zamani ziliruhusu programu kuona pia data za marafiki, Facebook ilisema hadi watu milioni 87 huenda waliguswa. Septemba mwaka huo huo Facebook ilitangaza kwamba tokeni za kuingilia za mamilioni ya watumiaji zimeibwa. Na tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilipozimika kwa takriban saa sita, waliokuwa na kitufe hicho peke yake walikwama nje ya tovuti ambazo zenyewe zilikuwa nzima.

Makaburi ya vitufe

Hesabu nami:

- 2014: MyOpenID, mojawapo ya nyumba kubwa za OpenID, ilifungwa.
- 2015: Google ilizima OpenID 2.0.
- 2016: Mozilla ilizima Persona, mfumo wake ulioanza 2011 kwa jina BrowserID.
- 2018: Stack Overflow iliacha OpenID, iliyokuwa mlango wake wa kwanza.
- 2019: Google+ ilifungwa, na kitufe chake cha kuingilia kikaenda nayo.

Kila tarehe hapo ni siku ambayo mtu alibofya kitufe chake cha kila siku na hakuna kilichofunguka. Ikiwa tovuti ilimtambua kwa anwani yake ya OpenID na kwa hiyo pekee, mtu huyo alipotea pamoja na kazi yake yote. Ikiwa tovuti ilikuwa na akaunti yake yenyewe, na OpenID ilikuwa mlango mmoja tu wa kuifikia, aliongeza mlango mwingine na maisha yakaendelea. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Basi ujenge vipi?

Kwanza, jedwali la watumiaji liwe lako, na kila mtumiaji awe na namba yako ya ndani isiyobadilika. Walioanza na Django zamani wanakumbuka jina la mtumiaji lilivyokuwa na kikomo cha herufi 30, barua pepe ndefu haikai, na watu wakabuni vichekesho vya kila aina kuikwepa. Toleo la 1.5 la mwaka 2013 ndilo lililokuruhusu kuweka muundo wako mwenyewe wa mtumiaji. Uweke siku ya kwanza ya mradi, hata kama hauna cha kuongeza. Kuubadilisha katikati ni kazi ya machozi.

Pili, weka jedwali la pili la utambulisho wa nje, lenye safu tatu: mtoaji, namba aliyompa mtu huyo, na mtumiaji wako. Mtumiaji mmoja aweze kuwa na mistari mitatu au minne. Huo ndio ukuta kati ya nyumba na milango.

Tatu, usimtambue mtu kwa barua pepe inayotoka kwa mtoaji. Tumia namba ya kudumu. Katika OpenID Connect inaitwa `sub`. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba katika mfumo wa Microsoft wa Azure AD mtu aliweza kujiandikia barua pepe ya mwingine bila kuithibitisha, akaingia kwenye akaunti za watu katika programu zilizoamini barua pepe hiyo. Januari 2025 wengine wakaonyesha kuwa ukinunua kikoa cha kampuni iliyokufa, unaweza kuzifufua barua pepe za waliokuwa wafanyakazi wake na kuingia kwa Google kwenye huduma walizotumia. Kikoa tena, kama mwaka 1999!

Nne, kwetu barua pepe huenda isiwepo kabisa. Wengi walifungua Facebook kwa namba ya simu, na mtu wa aina hiyo akibofya kitufe chako Facebook haitakupa barua pepe. Programu iliyolazimisha safu hiyo isiwe tupu itamkataa mlangoni. Namba ya simu nayo si ya milele. Laini ikikaa bila kutumika, kampuni ya simu inaweza kumuuzia mtu mwingine, naye atapokea SMS zako za kuthibitisha. Iwe mlango, isiwe mtu.

Tano, mruhusu mtumiaji kuunganisha mlango wa pili akiwa *ameshaingia*, na usimruhusu kuondoa wa mwisho. Na omba kidogo. Kama huhitaji orodha ya marafiki zake, usiiguse.

Na funguo za siku hizi?

Mei 2022 Apple, Google na Microsoft walikubaliana kusukuma mbele funguo mpya zisizo na nywila, zinazokaa ndani ya simu yako na kufunguliwa kwa alama ya kidole au uso. Ni hatua nzuri kweli. Seva haihifadhi siri ya kuibwa, na tovuti ya kitapeli haiwezi kuidanganya funguo. Lakini nakala za funguo hizo kwa wengi zinatunzwa kwenye akaunti ya Apple au ya Google, kwa hiyo swali la tangu Passport bado liko pale pale.

Kwa hiyo kabla hujapeleka ukurasa wako wa kuingia kwa watu, fanya jaribio hili. Zima kitufe kimoja kwenye mashine yako, halafu jaribu kuingia kama mteja aliyekuwa akikitumia hicho peke yake. Ukipata njia ya kumrudisha kwenye akaunti yake, umejenga nyumba. Usipoipata, wewe ni mpangaji, na mwenye nyumba hajakuambia atauza lini.

Kazi njema!