Amiminaye Huonja Kwanza

Katika Nyanda za Juu za Kusini nyumba hupimwa kwa namna inavyompokea mgeni, na mara nyingi mgeni hupewa kinywaji kabla ya chakula. Nimefundisha na kuongoza shule katika mikoa ya Iringa na Mbeya kwa zaidi ya miaka 30, nikakaribishwa na wazazi wengi, na nimeona kwamba sehemu ya historia yetu yaweza kusomwa ndani ya kikombe. Swali la kujiuliza ni hili: nani aliruhusiwa kumimina, na nani aliruhusiwa kunywa?

Tuanze na ulanzi wa Iringa. Wakati wa mvua mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi na kulielekeza kwenye mbeta, yaani chombo cha pingili ya mwanzi wenyewe. Kila asubuhi na jioni hukata tena kipande chembamba, ili utomvu usikome kutiririka. Hakuna hamira inayotiwa. Ulanzi huchacha wenyewe. Ule wa leo ni mtamu, na hata bibi mwenye msimamo mkali wa dini aweza kuunywa. Ukikaa unakuwa mkangafu, na mwanamume mzima huinuka nao kwa tahadhari. Kwa hiyo mwenyeji wa Iringa hana budi kumjua mgeni wake kabla ya kuchagua mbeta. Aidha, hana budi kumjua mgema wake, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kule Rungwe, Wanyakyusa walikaribishana kwa kimpumu, pombe ya ulezi, wakiinywa kwa mirija kutoka chombo kimoja. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kitabu mwaka 1951 kuhusu vijiji vya marika. Humo alilipa uzito mkubwa neno la Kinyakyusa ukwangala: kufurahia kuwa pamoja na wenzako, kula, kunywa na kuzungumza nao. Pombe ilikuwa njia tu ya kuufikia ushirika huo.

Hayo hayakuonekana na waliokaa Ulaya wakitunga sheria juu yetu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia latitudo ya 20 Kaskazini hadi 22 Kusini. Mwaka 1919 mkataba mwingine ulitiwa saini Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, juu ya jambo hilohilo. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika rasmi mwaka 1922, hati ya udhamini iliwataka wadhibiti vikali uuzaji wa pombe kali. Ni kweli kwamba miongoni mwa waliodai sheria hizo walikuwemo watu wenye nia njema, kwani pombe ya meli ilikuwa imeharibu watu wengi pwani za Afrika. Lakini sheria ilipofika kwetu ilipima rangi ya ngozi. Mzungu wa Mbeya aliyefuata dhahabu ya Lupa aliweza kunywa apendavyo. Mwafrika alikatazwa hata tone la jini.

Mjomba wangu alikuwa boi, kama walivyoitwa wakati ule, katika nyumba ya mlowezi mmoja karibu na Mbeya miaka ya 1940. Jioni wageni walipofika ilikuwa kazi yake kutengeneza martini: jini sehemu kubwa, vermouth kidogo, barafu kutoka friji ya mafuta ya taa, kukoroga taratibu, kuchuja, kisha zeituni moja katika bilauri iliyopozwa. Alisifiwa kwa mkono wake. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nilimwuliza, "Mjomba, ulijuaje kama kimekolea, nawe hukuruhusiwa kuonja?"

Akanijibu, "Kwa kuutazama uso wa bwana, mwanangu."

Nimelifikiri jibu hilo miaka mingi. Nyumbani kwa mjomba huyohuyo amiminaye huonja kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ndipo ampe. Kwa kitendo hicho mwenyeji anasema: kinywaji hiki ni salama, na lolote litakalokupata litanipata na mimi. Kule alikofanya kazi, mwenye kumimina alikuwa mkono tu. Hakuwa mwenyeji wala mgeni, na hakutakiwa kuwa na ulimi. Hapo ndipo ninapouona ukoloni kwa udogo wake, katika bilauri moja juu ya sinia.

Marufuku ile ya rangi iliondolewa kabla ya Uhuru wa mwaka 1961. Baada ya hapo tukatunga sheria zetu wenyewe: ya mwaka 1966 kuhusu utengenezaji wa moshi, na ya mwaka 1968 kuhusu vileo. Ikaja Konyagi ya Dar es Salaam, ikawa pombe kali ya Mtanzania, na wengi wetu tukaona fahari kumwekea mgeni chupa mezani. Baadaye vikaja viroba, pombe ya kufungwa katika vipakiti vya plastiki, mpaka Serikali ilipovipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017. Nadhani kilichonisikitisha zaidi katika viroba si ukali wake. Ni kwamba kiroba hakina mwenyeji. Kijana alikinunua, akakirarua kwa meno na kukinywa peke yake njiani, hakuna aliyemwonjea, wala aliyemwambia, "Sasa yatosha, mwanangu."

Ndugu msomaji, sikuhimizi unywe. Katika nyumba yangu asiyekunywa hupewa togwa, na haulizwi sababu. Ninachosema ni kwamba kumkaribisha mtu ni dhamana. Ukimwekea mgeni ulanzi, bia au hata martini, ujue umempa nini, ujue kiasi chake, na ujue atafikaje kwake usiku. Sheria zaweza kumzuia mtu asinywe, lakini hazijapata kumfundisha yeyote ukwangala. Hilo hufundishwa nyumbani, na mtu aliye tayari kuonja kwanza.