Padre Mapera na Kiswahili cha Ikulu ya Mutesa

Wanafunzi wetu wengi wanapoulizwa Kiswahili kilifikaje Uganda, hujibu upesi kwamba kililetwa na askari. Katika makala haya tungependa kuwaonyesha mtu aliyekitumia kabla ya kambi zote tunazozijua, naye ni Padre Simeon Lourdel, Mfaransa wa shirika la Mapadri Weupe.

Lourdel alizaliwa mwaka 1853. Mwaka 1878 yeye na wenzake waliondoka Bagamoyo, wakafuata njia ya misafara hadi kusini mwa Ziwa Nyanza. Tarehe 17 Februari 1879 alifika Kigungu, karibu na Entebbe, pamoja na Bruda Amans, wakiwa wametangulia kumwomba Kabaka Mutesa I ruhusa. Waganda waliposikia akiitwa "mon père", wakamwita Mapeera. (Sisi wa Kiswahili tunafikiria matunda, na darasani kicheko hakikosi.)

Je, aliongea na Kabaka kwa lugha gani? Kiganda alikuwa hajakijua. Alikuwa na Kiarabu kidogo cha Algeria na Kiswahili cha njiani. Lakini Kiswahili kilikuwa kimemtangulia ikuluni pamoja na wafanyabiashara wa Unguja na dini ya Kiislamu, na Mutesa mwenyewe alikielewa. Mprotestanti Alexander Mackay naye alisoma Injili hapo hapo kwa Kiswahili. Mwezi Juni 1879 wawili hao walibishana vikali mbele ya Kabaka, na Lourdel, kwa hasira, akachanganya Kiarabu, Kiswahili, Kiganda na Kifaransa. Huo haukuwa ufasaha, ila alisikika.

Baadaye alikijua Kiganda vizuri, na hapo Kiswahili kikaanza kusahaulika. Hata hivyo hakikuondoka. Waganda wanasema okusoma, ekitabo, ekkalaamu na eddiini. Waumini wa kwanza waliitwa abasomi. Ni maneno ya kwetu haya, ingawa wengi wanaoyasema kila Jumapili hawayashuku.

Mwaka 1882 mapadri walihamia Bukumbi, na waumini wakabaki wakifundishana wenyewe hadi Mwanga alipowaita tena mwaka 1885. Furaha haikudumu. Tarehe 15 Novemba mwaka huo huo Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa. Mwezi Mei 1886 Lourdel alikwenda ikuluni kuwaombea vijana waliokamatwa, asisikilizwe. Tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo, Karoli Lwanga miongoni mwao. Wengi wao walikuwa wanafunzi wake.

Sisi hatumtukuzi kwa kila jambo. Wakristo walipofukuzwa mwaka 1888 na kurudi na silaha mwaka uliofuata kumrejesha Mwanga, yeye alikuwa mshauri wa karibu wa kundi la Wakatoliki. Kundi hilo liliitwa Wafaransa na la Waprotestanti Waingereza, ilhali wote walikuwa Waganda. Mwezi Januari 1892 wakapigana Mengo. Lourdel hakuyaona hayo. Alikuwa amefariki tarehe 12 Mei 1890, akiwa na miaka 36.

Leo katikati ya Kampala kuna jengo refu liitwalo Mapeera House. Tuliwahi kumwuliza mwanafunzi mmoja jina hilo limetoka wapi, akatujibu kwamba pengine zamani palikuwa na shamba la mipera.