Wanubi wa Kibra na Ekari 288

Ukisimama Dagoretti Corner, pale Naivasha Road inapoachana na Ngong Road, umezungukwa na ardhi iliyobadilisha wenyewe mara nyingi. Wamaasai waliolisha ng'ombe katika nyanda hizi walizidi kusukumwa mbali baada ya reli kufika Nairobi mwaka 1899 na mkataba wao na Waingereza wa 1904 kutiwa saini.

Wakati huohuo, upande wa Kibra, askari Wanubi wa King's African Rifles walikuwa wakipewa mashamba msituni. Asili yao ni Sudan. Walikuwa wameipigania Uingereza, na ardhi hiyo ndiyo iliyokuwa malipo yao ya uzeeni. Mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa rasmi kuwa eneo la jeshi. Hatimiliki hawakupata, ila kibali cha kulima na kukaa. Tume ya Carter kuhusu ardhi, miaka ya 1930, iliwaita wapangaji wanaokaa kwa ridhaa ya Serikali tu. Neno hilo liliwagharimu vizazi vitatu: mitaa kama Jamhuri na Lang'ata ikajengwa, Kibra ikazidi kusinyaa, na wajukuu wa askari wakapigwa msasa kila walipoomba kitambulisho, kana kwamba wamefika jana.

Mwaka 2004 Serikali na UN-Habitat walizindua mpango wa KENSUP wa kuboresha makazi. Maghorofa yakainuka, swali la mwenye ardhi likabaki palepale. Walioligeuza ni Wanubi wenyewe. Walifikisha kilio chao kwenye vyombo vya haki vya Afrika, na mwaka 2011 kamati ya bara inayosimamia haki za watoto iliona kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi kwa kuwanyima utaifa. Katiba ya 2010, kifungu cha 56, ilikuwa tayari imeiagiza Serikali iyashirikishe makundi madogo na yaliyotengwa. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta akawakabidhi hatimiliki ya ekari 288, kwa jina la jamii nzima.

Ni ushindi, na nauheshimu. Lakini ekari hizo hazifiki asilimia 7 ya zile za 1918, na Kibra ya leo ina maelfu ya wapangaji Waluo, Waluhya na Wakamba ambao nao wanahitaji usalama wa makazi. Serikali iketi na wazee wa Kinubi na wapangaji hao katika meza moja, kabla tingatinga halijaingia.