Neema Iliyoanzia Gahini: Uamsho wa Afrika Mashariki

Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, watu wawili walikutana kusoma Biblia na kuomba. Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, alikuwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kali ya Rwakayihura. Mwenzake, Simeoni Nsibambi, alikuwa Mganda msomi wa ukoo wa heshima. Wote wawili walikuwa Wakristo wa siku nyingi, na wote wawili walijiona wamepungukiwa. Urafiki wao ukawa chimbuko la Uamsho wa Afrika Mashariki.

Wakati huo Kanisa la Anglikana nchini Uganda lilikuwa na nusu karne. Ubatizo ulikwenda sambamba na shule, kazi na cheo, hata wengi wakaridhika na jina la Ukristo. Wanauamsho walihubiri kwamba neema ya Mungu hainunuliwi kwa ubatizo, elimu wala mwenendo mwema. Mwenye dhambi huipokea bure kwa ajili ya msalaba wa Yesu, naye huihitaji kila siku. Mtume Paulo alikwisha kuyafundisha hayo, na Martin Luther aliyapigania Ujerumani katika karne ya 16. Jipya la Uamsho huo, uliochipukia Gahini, lilikuwa namna watu walivyoyaishi.

Kwa kuwa msamaha ulitolewa bure, hapakuwa na haja ya kuficha dhambi. Waumini walianza "kutembea nuruni", yaani kuungama waziwazi mbele ya ndugu. Vitu vilivyoibwa vilirudishwa, madeni yakalipwa, waume wakawaomba wake zao radhi. Wamisionari nao waliungama kiburi chao mbele ya Waafrika, jambo zito mno katika enzi za ukoloni. Chini ya msalaba hakuna aliyekuwa na cha kujivunia.

Januari 1936 Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi na mhubiri wa Gahini, alifariki kabla ya kufikisha kwenye sinodi ya Uganda wito wake kwamba kanisa liamke. Kifo chake kiliupa ujumbe huo nguvu zaidi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 Uamsho ulikuwa umeingia Kenya na Bukoba nchini Tanganyika, na kwa Walutheri wa huko ulipata makao ya kudumu. Miongoni mwa waliolelewa na vuguvugu hilo ni Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Hata hivyo, neema ilikuwa rahisi kugeuzwa sheria. Mwaka 1941 wanafunzi zaidi ya 20 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono nchini Uganda, baada ya bidii yao ya kukemea dhambi kugongana na uongozi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi la Abazukufu, yaani walioamka upya, lilijitenga na kuweka masharti makali kuhusu mikopo na mavazi. Waliohubiri zawadi ya bure walijikuta wakibishana ni nani anastahili kuitwa ameokoka.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja na damu. Wakati wa Mau Mau, uasi dhidi ya ukoloni nchini Kenya, wanauamsho wengi wa huko walikataa kiapo cha waasi na pia wakakataa kushika bunduki za serikali. Wengine waliuawa. Nchini Rwanda, mchungaji Yona Kanamuzeyi, aliyewasaidia Watutsi waliofukuzwa makwao, aliuawa Januari 1964. Lakini mwaka 1994 mauaji ya kimbari yalitokea katika nchi ileile ya Gahini, na makanisa mengi yakawa mahali pa kuchinjiwa watu.

Uganda nayo ilikuwa imepitia mtihani huo. Februari 1977, baada ya Askofu Mkuu wa Uganda Janani Luwum kuuawa na utawala wa Rais Idi Amin, Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi na mwana wa Uamsho, aliikimbia Uganda usiku pamoja na mkewe Mera. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, alitambua kwamba moyo wake umejaa chuki dhidi ya Amin, ilhali Yesu aliwaombea msamaha waliomsulubisha. Aliandika kitabu akitangaza kwamba anampenda Amin, huku akiendelea kuueleza ulimwengu ukatili wa utawala wake. Amin alipoangushwa mwaka 1979, Kivengere alirudi Kigezi na kuiongoza dayosisi yake hadi alipofariki mwaka 1988.