Filamu, Mkanda na King'amuzi

Mnamo Januari 2013 mitambo ya kurushia matangazo ya televisheni kwa analojia ilizimwa mjini Dodoma, baada ya ile ya Dar es Salaam kuzimwa mwishoni mwa Desemba 2012. Toka hapo mwenye televisheni mjini humo alihitaji king'amuzi ili apate picha. Tukio hilo ni la ufundi; lakini kwa mwanafunzi wa lugha ni ushahidi wa jinsi maneno yanavyoishi baada ya vitu vyake kwisha, na jinsi mengine yanavyozaliwa.

Neno kongwe katika ukoo huu ni filamu. Limetoka katika Kiingereza, ambako asili yake ni ngozi nyembamba. Ndipo likawa jina la utepe uliopakwa dawa ya kunasa picha. Filamu za majaribio zilizotengenezwa Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, zilikuwa tepe za milimita 16, na maneno yake yalitiwa katika sahani za santuri: picha huku, lugha kule. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikafuata Muhogo Mchungu, aliyoigiza Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Lakini Girlfriend ya George Tyson, ya mwaka 2003, ilipigwa kwa video, wala haikuhitaji utepe wa dawa. Na bado iliitwa filamu. Kadhalika mkanda hutajwa hata pale mchezo unapotazamwa katika simu.

King'amuzi lina nasaba nyingine. Mzizi wake ni ng'amua, na umbo lake hufuata kanuni ileile ya chagua na uchaguzi, tambua na utambuzi: l ya kale, iliyopotea baina ya irabu, hujitokeza kwa sura ya z mbele ya kiishio -i. Hivyo chombo kipya kabisa kimepewa jina kwa sheria ya sauti yenye umri mkubwa kuliko maandishi ya Kiswahili, ilhali dijitali yenyewe imebaki neno la kukopa.

Kwa hiyo mtunzi wa kamusi hana budi kuandika maana mpya ya filamu bila kuifuta ile ya zamani. Akiifuta, msomaji wa hati za Vugiri atadhani amesoma habari za mchezo, kumbe ni habari za utepe.