Cauer, mwenye kichujio aliyesahaulika

Januari 19, 2022, AT&T na Verizon ziliwasha 5G nchini Marekani kwenye masafa mapya yanayoanzia gigahezi 3.7. Marubani wakaingiwa na hofu, kwa kuwa redio zinazopima kimo cha ndege inapotua hutumia gigahezi 4.2 hadi 4.4. Emirates ilisitisha kwa muda safari za miji kadhaa ya Marekani. Baada ya mabishano marefu, mojawapo ya dawa zilizopatikana ilikuwa kuzifungia redio hizo vichujio vya kupitisha masafa yake na kuzuia ya jirani.

Msingi wa vichujio uliwekwa mwaka 1915 na George Campbell wa Marekani na Karl Willy Wagner wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, kwa ajili ya simu za waya. Lakini anayestahili kukumbukwa zaidi ni Wilhelm Cauer, mwanahisabati aliyezaliwa Berlin mwaka 1900.

Katika kichujio chake, kiitwacho cha eliptiki, Cauer aliweka mitego kwenye masafa yasiyotakiwa, akakubali mawimbi yanayopita yatetereke kidogo, na kwa bei hiyo akapata ukuta mkali kupita wote kati ya kinachoruhusiwa na kinachokataliwa. Inasimuliwa kwamba wahandisi wa kampuni ya simu ya Bell walipoona kazi yake walikimbilia maktaba ya New York kusoma hisabati aliyoitumia.

Nyumbani hakuthaminiwa. Utawala wa Hitler uligundua kuwa mmoja wa mababu zake wa kale alikuwa Myahudi, Daniel Itzig, mwenye benki wa Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia. Njia yake ya kupanda ngazi chuoni ikazibwa. Wasifu ulioandikwa na mwanawe Emil pamoja na wahandisi wawili unaeleza kwamba vita vilipokaribia mwisho aliipeleka familia yake mahali salama, kisha, licha ya kuonywa, akarudi Berlin. Aprili 22, 1945 askari wa Kisovieti walimpiga risasi. Jina lake lilikuwemo katika orodha ya wanasayansi ambao Wasovieti wenyewe walikuwa wakiwatafuta. Muswada wa juzuu la pili la kitabu chake ulipotea.

Kazi ya vichujio iliendelea bila yeye. Kwenye masafa ya juu ya maikrowevu koili za kawaida hazifai, hivyo wahandisi hutumia vipande vya shaba. Seymour Cohn alieleza mwaka 1958 namna ya kuvipanga sambamba. Vikichapwa juu ya ubao, sehemu ya wimbi huwa ndani ya ubao na sehemu hewani, na aina mbili za mawimbi kwenye vipande hivyo husafiri kwa kasi tofauti; hivyo kichujio cha gigahezi 2 hufunguka tena karibu na gigahezi 4. Mwaka 2001 watafiti wa Pamplona, Hispania, walipunguza tatizo hilo kwa kuzipinda kingo za shaba kama mawimbi.

Mitego ya Cauer ilifika hadi kwenye setilaiti za mawasiliano miaka ya 1970, kupitia kazi ya wahandisi Atia na Williams. Walimu wa elektroniki wanaofundisha kichujio cha eliptiki wawatajie wanafunzi jina la mwenyewe.